Faini Mbili za Coaster ya Msiba: Maneno ya Kamati ya Tawi kwa Wanachama



Haya ni maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi kwenye mkutano wetu wa Jumapili. Mvua iliwazuia wengi, na wengi mmeomba yaletwe hapa kwenye kundi yalivyo. Tumeyaleta yote, hata pale ambapo baadhi yenu mliguna. Mwenye jirani mwanachama asiye na simu janja amsomee.

*

Ndugu zetu, kwenye mkutano uliopita mlituwekea mezani ombi lenye sehemu mbili, mkataka Kamati ije na jibu. Sehemu ya kwanza: zile faini mbili alizoandikiwa dereva wa Coaster tuliyokodi kwenda kumzika mwenzetu Iringa zilipwe na mfuko wa tawi, kwa kuwa safari ilikuwa ya chama. Sehemu ya pili: tawi limwandikie diwani barua, naye aongee na wakubwa ili tochi zipungue kwenye barabara hii, maana zimekuwa kero. Karibu wote mliokuwepo mliinua mikono. Mzee wetu mmoja aliinua miwili.

Tumekaa vikao viwili. Jibu la ombi la kwanza ni hapana. La pili ni nusu ndiyo. Tuvumilieni tueleze, halafu mtuhoji mtakavyo.

Tuanze na kero, kwa sababu kero zipo na hatutaki mtu aondoke akidhani tunazikana. Tulipita kwa wanachama wenye magari na pikipiki, tukakaa nao vijiweni na kwenye gereji, tukasikiliza. Mwenzetu anayebeba nyanya kwa Noah alituambia elfu thelathini ndiyo faida yake ya siku nzima, siku ambayo nyanya hazijaoza. Akipigwa tochi saa mbili asubuhi, kuanzia hapo anafanya kazi ya kulipa karatasi. Dada mmoja alinunua gari la mkononi, akafurahi nalo wiki moja, wiki ya pili akasimamishwa na kuambiwa lina madeni manne. Faini inaandikwa kwenye namba ya gari, na aliyekuuzia anaweza kuwa ameshahamia mkoa mwingine. Kwa hili tunawaambia wote: kabla hujatoa hela ya gari, ingiza namba yake kwenye mfumo wa TMS wa Polisi uone linadaiwa nini. Ni kazi ya dakika mbili. Dada huyo hakuambiwa na mtu.

Madereva wa malori walikuwa na la kwao, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Kibao cha 50 unakiona vizuri unapoingia kijijini. Kibao cha kukuambia marufuku imekwisha hukioni, kwa sababu kilishang'olewa kikauzwa kwenye vyuma chakavu, na wauzaji ni watoto wetu, tusizunguke. Kwa hiyo dereva anapita nyumba ya mwisho, anapita shamba la mwisho, kushoto mbuyu na kulia mbuyu, hajui kama bado yuko kwenye 50 au ameshatoka. Akikanyaga, askari yuko chini ya mti. Aliyempiga tochi yuko nyuma, anayemsimamisha yuko mbele, na picha imeshafika kwenye simu kabla gari halijafika. Ubishi unaanza hapo hapo.

Wa bodaboda wao walikiri kwamba tangu bajeti ya 2021/22 iliposhusha faini yao kutoka 30,000 hadi 10,000 wanapumua. Kero yao kubwa siku hizi ni malori yanayowafuta barabarani. Tutarudi kwenye hilo.

Na wapo waliotuambia, kwa sauti ya chini, kwamba wao hawana faini hata moja kwa sababu huwa "wanaongea". Hatutaji mtu na hatutaji kituo. Tunasema tu kwamba anayepokea ana kosa na anayetoa ana kosa, na mwanachama atakayekamatwa kwa hilo asilete kadi ya chama mbele akidhani ni kinga.

Sasa tuje kwenye Coaster.

Mliokuwemo mnakumbuka. Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukaondoka saa moja na robo, kwa sababu ya kusubiriana, na katika waliosubiriwa wawili walikuwa wajumbe wa Kamati. Mazishi yalikuwa saa nane. Tulipopita Sangasanga mtu wa kiti cha mbele akamwambia dereva, "Kijana, tunazika mtu leo, siyo kesho." Kiti cha mbele kilikuwa chetu, ndugu zetu. Sauti ya kwanza ilitoka kwetu. Baada ya hapo gari zima likaitikia: kanyaga, ovateki huyo, unasubiri nini. Dereva ni kijana wa watu, gari si lake, na malipo yake yalikuwa mkononi mwa mweka hazina wetu. Angefanyaje?

Kabla hatujaifikia Mikumi tukasimamishwa. Spidi 58 kwenye 50. Gari zima likashuka kubishana. Nane tu! Nane ndiyo nini? Mmoja wetu alimwambia askari kwamba hata mshale wa dashibodi hausomi nane. Tukaandikiwa. Mbele ya hifadhi tukaandikiwa tena, mara hii 74, na hapo hakuna aliyeshuka.

Kurudi ndiko tunakotaka mkumbuke, kwa sababu kwenye mkutano uliopita habari hiyo haikutajwa na mtu yeyote, sisi wenyewe tukiwemo. Ilikuwa jioni, mwanga unaisha. Kijiji kimoja, watoto wanavuka na madumu ya maji. Dereva alikanyaga breki mpaka wa viti vya nyuma wakaja mbele. Gari lilipita pale watoto walipokuwa, likasimama mita kadhaa mbele. Mtoto mmoja wa kike alikuwa amelitupa dumu lake akaruka mtaroni. Dumu lilisagika chini ya tairi. Mtoto alikuwa mzima, amesimama mtaroni anatutazama, hakulia. Tulimwachia shilingi elfu mbili. Coaster ikaondoka watu wote kimya. Haikupita robo saa, mtu akauliza, "Dereva, kwa mwendo huu tutafika saa ngapi?"

Halafu tukaingia hifadhini, na hapo ndipo tulipojifunza jambo kuhusu sisi wenyewe. Barabara ile inakata hifadhi kwa karibu kilometa 50, na mnakijua kile kibao chenye picha za wanyama, kila mmoja na bei yake kwa dola: ukimgonga tembo unalipa kiasi hiki, twiga kiasi hiki, pundamilia kiasi hiki. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Sisi abiria tuliopiga kelele njia nzima tukakaa kimya kama tuko kanisani. Kuna aliyesema, "Taratibu kijana, hapa kuna tembo." Alikuwa yule yule wa "tunazika leo".

Kwenye kikao cha Kamati tulirudi mara nyingi kwenye kibao kile. Twiga ana bei na kila mtu anaiheshimu. Mtoto wa dumu la maji hana kibao, ana ile 50 tu, na 50 ndiyo tunayoomba diwani atusaidie kuilegeza.

Tukamwita mwanachama wetu anayefundisha hisabati, tukamuuliza swali moja: hii nane ni kitu au si kitu? Akaomba chaki. Akasema tuchukue gari zima, breki nzuri, lami kavu, na dereva aliye macho anayetumia sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ukandamize breki. Kwenye spidi 50, ile sekunde moja peke yake inakula karibu mita 14. Breki zikishika linakula nyingine karibu 14. Jumla 28. Maana yake mtoto akichomoka mita 28 mbele yako utasimama puani pake, utamfokea, atakimbia nyumbani.

Sasa weka 58, ile yetu ya kubishania. Sekunde ya kushtuka inakula mita 16. Umebakiwa na 12, na wewe kusimama unahitaji karibu 19. Kwa hiyo unafika alipo mtoto ukiwa bado na mwendo wa kilometa 35 kwa saa. Mwalimu akasema huo ni kama mwendo wa bingwa wa mbio za mita 100, ila anayekimbia hapa ni chuma cha tani kadhaa. Mwenye 50 amesimama mahali pale pale ambapo mwenye 58 anamgonga mtoto. Weka 80, unamfikia na 73, yaani ni kama hukugusa breki.

Mmoja wetu akauliza kama chaki haijakosea. Mwalimu akarudia hesabu toka mwanzo, polepole, ikatoka vile vile. Na hapo tumehesabu tairi nzuri. Coaster yetu ilikuwa na tairi mbili za nyuma zilizokwisha upara, tulizitazama baada ya safari.

Akatuonyesha na upande wa pili, wa tulichokuwa tunakitafuta. Kijiji cha urefu wa kilometa mbili, ukipita na 50 unatumia sekunde 144. Ukipita na 80 unatumia 90. Umeokoa sekunde 54. Sisi tulichelewa kuondoka kwa saa mbili na robo tukisubiriana, tukataka dereva azirudishe kwa sekunde hamsini hamsini juu ya migongo ya watoto wa watu.

Ndiyo maana hatuwezi kuandika barua ya kuomba tochi zipungue. Kwa hilo tunajua tunawakwaza, na wapo waliosema Kamati imeanza kutetea trafiki. Hapana. Barua itakwenda kwa diwani, na itakuwa na haya: vibao vya mwanzo na mwisho wa 50 virudishwe vyote, ili dereva ajue anavunja sheria wapi na anaruhusiwa wapi, alama ya kivuko ipakwe upya mbele ya shule, ile ya sasa unaiona ukishaambiwa ilipo, karatasi ya faini isitolewe bila dereva kuonyeshwa picha, spidi na mahali, na askari wawe karibu na shule saa ya watoto kuingia na kutoka, kwa sababu saa nne asubuhi kwenye mnyooko usio na nyumba hakuna mtoto wa kulinda. Tunaamini hata mwenye Noah ya nyanya ataisaini. Mwenye kuamini ameandikiwa kwa uonevu ajue ana haki ya kukataa kosa na kutaka lipelekwe mahakamani. Ni haki yako, halazimishwi mtu kukubali pale pale barabarani. Ila uende ukijua unachobishia.

Kwenye mazungumzo yale tuligundua jambo jingine. Karibu kila dereva tuliyekaa naye alikuwa na hadithi tatu nne za tochi, ametaja tarehe, ametaja mti aliokuwa amejificha askari. Tukiuliza mkanda, kimya. Tulifungua milango ya magari saba ya wanachama, kwa ridhaa yao. Kwenye manne tulikuta kile kichuma kinachochomekwa pale pa mkanda ili kengele iache kulia. Watu wametoa hela kununua kitu cha kuliziba mdomo gari linapotaka kuwaokoa. Kwenye mengine mkanda wa nyuma ulikuwa umefunikwa na kitambaa cha viti, haujawahi kuonekana tangu gari litoke Japani. Mmoja alituambia mkanda unamkunja shati.

Na watoto. Tunawapakata mbele, tunajiona tumewalinda kwa sababu tumewashika. Mwalimu alikuwa bado na chaki. Gari la spidi 50 likigonga kitu kigumu likasimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavuta mbele kwa uzito wa karibu kilo 200. Hakuna mama wala baba mwenye mikono ya kushika hivyo, hata yule mwenzetu anayebeba magunia sokoni. Mtoto akae nyuma na afungwe mkanda, na mwenye uwezo amtafutie kiti chake.

Kuhusu tairi, kwa sababu mtu aliuliza Jumapili: ubavuni kuna duara dogo lenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314 ujue ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama duka limeipaka rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Yapo maneno ambayo tumeyasikia kila tulipopita: siku yako ikifika imefika. Hatubishani na imani ya mtu, na tunajua yanasemwa na watu waliokwisha kuzika. Ila shehe wetu na mchungaji wetu wote wawili wanafunga milango yao usiku, na hakuna anayewaambia hawana imani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kwamba watu milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani. Hatuamini kwamba wote hao siku yao ilikuwa imefika. Wengine siku yao ililetwa na mtu wa kiti cha mbele.

Tukasema tutarudi kwa bodaboda. Vijana wetu wa kijiweni, mnalalamikia malori na mna haki. Lakini usiku wa juzi tulihesabu pikipiki zilizopita bila taa ya nyuma tukaacha kuhesabu, na kofia ya abiria mnaivaa kiwiko. Hilo tutalizungumza nanyi kijiweni kwenu, siyo hapa.

Sasa faini. Tulisema mfuko wa tawi hautalipa, na sababu mmeshaiona. Ada zenu, shilingi mia tano mia tano za mama lishe na za wastaafu, wengi wao hawakupanda hata hiyo Coaster, hatuwezi kuzichukua kulipia mdomo wetu. Dereva naye hatalipa. Alituomba mara mbili tumwache aende taratibu, mara ya pili tukamcheka. Wajumbe wa Kamati tuliokuwa kwenye gari ni watano. Faini ni 60,000. Kila mmoja ametoa 12,000, na zimelipwa zote mbili kwa namba za malipo zilizo kwenye karatasi. Risiti ziko kwa mweka hazina, mtu yeyote aende azione. Mjumbe mmoja alisema atalipa ila hakubaliani, na ametaka iandikwe hivyo. Imeandikwa.

Kuanzia safari ijayo, tawi likikodi gari, mkataba utasema muda wa kuondoka, na muda huo ukifika gari linaondoka na waliopo. Aliyebaki atapanda basi. Atakuwepo mjumbe mmoja kiti cha mbele ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayemsumbua dereva. Gari lisilo na mikanda inayofanya kazi hatulikodi hata likiwa la bei nafuu, na tairi zitaangaliwa siku moja kabla, siyo asubuhi tukiwa tumeshapakia masufuria. Tunajua kodi itapanda. Mweka hazina ameshapiga hesabu, ataileta mkutano ujao mkajadili kama michango ya msiba iongezwe au idadi ya wasafiri ipungue. Sisi hatuna msimamo kwenye hilo, mtaamua nyinyi.

Barua ya diwani iko tayari kwa katibu, inasubiri saini. Madereva wote mpite kabla ya Ijumaa, na mje na tarehe na mahali pale mlipokuta kibao hakipo, siyo "pale mbele mbele".

Tumenunua dumu, la njano, lita 10. Kijiji tunakijua, na mtaro tunaukumbuka ulipo. Mwanachama atakayepita njia hiyo wiki hii aje alichukue kwa katibu, amtafute huyo mtoto kwa kuuliza nyumba za karibu, amkabidhi mzazi wake, na awaambie limetoka kwa nani na kwa nini.

Kamati ya Tawi